KUMLINDA KASA NA MAYAI YAKE

Khutba ya kwanza

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Aliyezitenga bahari na nchi kavu, na Akakipa kila kiumbe makao yake na riziki yake. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza kwa redio majumbani, makazini na safarini, nakuusieni nyote, na kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo ya siri na ya dhahiri, katika yale tunayoyaona kuwa makubwa na katika yale tunayoyadharau kwa kuyaona madogo.

Leo nataka kusema juu ya mnyama ambaye wengi wetu huku Uchindile hatujapata kumwona akiwa hai. Naye ni kasa wa baharini. Najua wapo watakaojiuliza nyoyoni mwao: kasa na sisi, wapi na wapi? Sisi tuko milimani, kwenye mvua na misitu. Bahari iko mbali, na Ijumaa ni siku ya kukumbushwa sala na zaka. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijaendelea.

Jibu la kwanza ni maji. Vijito vinavyoteremka kutoka milima hii yetu havipotei bondeni. Huingia mto Kilombero, na Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo unapozaliwa mto Rufiji. Tangu Desemba mwaka 2022 maji hayo hutuama kwanza katika bwawa la Julius Nyerere. Kisha huendelea mpaka kwenye delta, penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, na mbele yake ndiyo Mafia. Katika maji yale ya kina kifupi huota majani ya bahari, na majani hayo ndiyo malisho ya kasa. Basi maji tunayotilia udhu asubuhi huku juu, yakijaaliwa, huenda yakafika malishoni mwa mnyama tusiyemjua.

Jibu la pili ni watu. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilipita hapa kwetu ikatuachia stesheni. Tangu hapo vijana wetu hupanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Huko huwa vibarua wa ujenzi, madereva wa malori ya mchanga, walinzi wa mahoteli ya ufukweni, na wengine hujifunza uvuvi. Kijana aliyelelewa Uchindile, au Mlimba, au Ifakara, huenda usiku mmoja akasimama juu ya mchanga wa Kigamboni, akamwona mnyama mkubwa mwenye uzito kupita gunia la mpunga akitoka baharini kwa shida, akijikokota kwa mapezi. Saa ile hapana askari wala jirani. Yupo yeye, na mnyama, na Mola wao. Atakalolitenda kijana yule litategemea aliyoyasikia kwao kabla ya kupanda treni.

Sasa tumjue mnyama mwenyewe. Katika bahari zote za dunia zipo aina saba za kasa, na aina tano katika hizo huonekana katika maji ya Tanzania. Wanaotaga kwetu hasa ni wawili: kasa wa kijani, ambaye ndiye wengi wamwitaye kasa tu, na ng'amba, mwenye mdomo mfano wa kasuku na magamba mazuri yaliyomletea balaa. Biashara ya magamba hayo ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), chayataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa za pwani yetu. Wazee wa pwani walikuwa na ustadi wa ajabu wa kumwinda: walimfunga samaki aitwaye taza kamba mkiani, wakamwachia akajibandika kwenye gamba la kasa, kisha wakavuta. Nayasema haya ili ifahamike kwamba watu wa pwani hawakuanza jana kumla kasa, na anayekwenda kuwakataza aende kwa heshima.

Kasa jike hachukui miaka mitatu au minne kukua kama ng'ombe. Huenda ikapita miaka ishirini, thelathini na zaidi kabla hajataga kwa mara ya kwanza. Anapofikia umri huo, Mwenyezi Mungu humwongoza kurudi kwenye pwani za upande ule ule alikozaliwa, naye akiwa amezunguka bahari kwa maelfu ya kilometa. Wataalamu wanasema husaidiwa na nguvu ya sumaku ya ardhi. Hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia moja au zaidi, meupe, ya mviringo, kiasi cha mpira wa tenisi ya mezani. Huyafukia, husawazisha mchanga, hurudi baharini, na kiota hicho hatakiona tena. Katika msimu mmoja hufanya hivyo mara kadhaa, kisha hupumzika miaka miwili, mitatu au minne. Wakati wa kutaga macho yake hutoka maji, na wazee husema kasa analia uchungu wa uzazi. Maji yale hasa ni chumvi anayoitoa mwilini, kwani hunywa maji ya bahari maisha yake yote. Lakini mimi siwalaumu wazee kwa kuyaita machozi.

Mayai hukaa mchangani kama siku hamsini na tano au sitini. Joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe madume au majike. Mchanga ukizidi moto, wote huwa majike, na hili ni jambo la kutisha katika zama hizi za joto kuongezeka na mivinje ya ufukweni kukatwa. Watoto wakiangua hutoka usiku kwa pamoja na kukimbilia upande ulio na mwangaza zaidi. Kwa maumbile waliyoumbiwa, mwangaza huo ni wa bahari chini ya nyota. Kaa huwakamata, ndege huwakamata, samaki wanawangoja majini. Hukadiriwa kwamba katika watoto elfu moja huenda akafikia utu uzima mmoja tu. Basi yule jike anayejikokota ufukweni ni mabaki ya elfu nzima. Anayemchinja usiku ule hachinji mnyama mmoja.

Waislamu watukufu, Qur'ani Tukufu yatufundisha katika Surat An'am kuwa wanyama watembeao na ndege warukao ni umati kama sisi tulivyo umati, na kwamba wote kwa Mola wao watakusanywa. Wanazuoni wetu wamelitafakari sana neno hili. Umati una desturi zake, una njia zake, una mahali pake pa kuzalia. Na mwenye kuuvunja umati mzima si sawa na mwenye kuchukua mmoja kwa haja yake.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Masud (R.A.), iliyomo katika mkusanyo wa Imam Abu Daud, Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Mtume alipokwenda haja yake, wao walimwona ndege mdogo mwenye vifaranga viwili, wakavichukua vifaranga. Mama yake akaja akitandaza mbawa juu yao kwa fadhaa. Mtume (S.A.W.) aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya watoto wake, na akaamrisha warudishiwe mama yao. Tazameni ndugu zangu. Ndege ni halali. Vifaranga si mali ya mtu. Msafara ule huenda ulikuwa na njaa. Pamoja na hayo yote, uchungu wa mzazi ulitosha kuwa hoja mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Naye kasa, asiyeweza kupaa juu ya vichwa vya wanaochimba mayai yake kwa kuwa amekwisha kurudi baharini, je, hana wa kuuliza kwa niaba yake?

Hapa najua mwanafunzi mmoja wa madrasa atainua mkono. Atasema: Sheikh, mawindo ya bahari tumehalalishiwa katika Surat Maida, vipi watukataza alichohalalisha Mola? Nampongeza kwa kuuliza. Ajue kwanza kuwa juu ya kasa pana hitilafu. Wafuasi wa Imam Malik wanamhalalisha. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi wapo waliohalalisha, lakini kauli iliyotiwa nguvu na wengi wa wanazuoni wa baadaye ni kumharimisha, kwa kuwa ni mnyama aishiye baharini na nchi kavu, hakuwa samaki aliye samaki tu. Hitilafu hii ni ya kale na si kazi yangu leo kuimaliza kwenye mimbari. Asije mtu akatoka hapa akamwita nduguye wa Pemba kuwa ni mla haramu. Nasema jambo jingine: hata kwa anayeifuata kauli ya kuhalalisha, uhalali wa kitu haukuwa ruhusa ya kukimaliza, wala ya kukila kinapoua.

Na kasa huua. Mwezi Novemba mwaka 2021 watu saba, akiwamo mtoto wa miaka mitatu, walifariki kisiwani Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi mwaka 2024, zikiwa zimesalia siku chache kuingia Ramadhani, katika Kisiwa Panza huko huko Pemba, walifariki watoto wanane pamoja na mama wa mmoja wa watoto hao, na wengine sabini na wanane wakalazwa hospitali. Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Sumu hiyo haionekani. Nyama haibadiliki rangi, haina harufu wala ladha ya ubaya. Kuichemsha hakuiondoi, kuikaanga hakuiondoi, kuianika hakuiondoi. Hudhaniwa kuwa hutokana na vimelea vya majini anavyovila kasa. Dawa ya kuiondoa mwilini haijapatikana. Madaktari hutibu dalili tu. Na mama anayenyonyesha akila, sumu hupita katika maziwa ikamfikia mtoto. Kasa wa jana aliliwa na watu wakalala salama; wa leo amefuta nyumba nzima; na hapana mvuvi hodari wala mpishi stadi awezaye kuwatofautisha. Sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine. Mimi sioni baada ya Panza ni mzazi gani atakayeitaka fatwa nyingine.

Na juu ya hayo iko sheria ya nchi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zimepiga marufuku kumvua kasa, kumuua, kuuza nyama yake, magamba yake na mayai yake. Sheria ya serikali isiyoamrisha maasi yatupasa kuitii. Nayasema haya kwa upesi kwa sababu sheria hii inajulikana. Tatizo silo kutojulikana kwake.

Tatizo ni kwamba sheria humwona maskini haraka kuliko tajiri. Mvuvi wa Kimbiji au wa Pemba Mnazi akikutwa na mapande ya nyama ya kasa atashikwa, na ni haki ashikwe. Lakini nani amemshika mwenye jumba la ufukweni aliyewasha taa za mataa makubwa mpaka alfajiri, vifaranga wakaifuata taa badala ya bahari, wakaishia kukaukia barabarani? Nani amemshika aliyejenga ukuta wa zege ufukweni, kasa akafika usiku akagonga kichwa na kurudi majini na mayai yake tumboni? Upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, huko Kunduchi na Mbezi, bahari imekula ufukwe miaka mingi, na watu wameweka kuta na mawe kuyalinda majumba yao. Upande wa kusini, Kigamboni, bado umesalia mchanga ambao kasa huupanda. Lakini daraja la Nyerere lilifunguliwa mwezi Aprili mwaka 2016, na tangu hapo ufukwe ule umekuwa karibu na kila mwenye fedha. Sisemi watu wasijenge. Nasema taa ina swichi, na ukuta unaweza kurudishwa nyuma hatua chache kabla haujajengwa, na mwenye nyumba anayetoa sadaka kila Ijumaa aweza kuifanya na hiyo kuwa sadaka.

Nimeyasema niliyoyasema, nami namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Msamehevu, Mwenye kurehemu.

Khutba ya pili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu ziwe juu ya Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu.

Yapo mambo yaliyokwisha kufanywa katika pwani zetu, na ni vizuri tuyasikie, ili asidhani mtu kuwa tunazungumza ndoto.

Karibu na Pemba, upande wa magharibi, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wenyeji wanasimulia kuwa Nabii Khidhri (A.S.) alifika pale akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kiwe msala wake, kwa kuwa kimeelekea Qibla. Kasa hutaga kisiwani pale, na wavuvi wengi wa Pemba hutegemea maji yake. Mwaka 1998 kikawekwa chini ya hifadhi. Palikuwa na watu waliovua kwa baruti, na makatazo ya maofisa hayakuwaingia sana. Ndipo masheikh, walimu wa madrasa na wavuvi wakakaa pamoja, wakisaidiwa na jumuiya ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza ambayo muasisi wake ni Fazlun Khalid, wakaitazama Qur'ani inasemaje juu ya bahari, juu ya kiasi, juu ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi. Wapo waliosikia pale mara ya kwanza kwamba kuharibu matumbawe ni dhambi, wakaacha. Sitasema kuwa kila kitu kilitengenea. Njaa haimalizwi na warsha, na ni rahisi kuyasifu ya mbali. Lakini yatosha kuonyesha kwamba neno la mimbarini, likisemwa na anayewajua wavuvi, hufika pasipofika barua ya idara.

Oman, ambako wengi miongoni mwa watu wa pwani wana jamaa zao wanaozungumza Kiswahili mpaka leo, ilitenga hifadhi ya kasa huko Ras al-Hadd mwaka 1996. Ni pwani ile ile ya majahazi ya Sur yaliyokuwa yakija kwetu kwa msimu wa kaskazi. Maelfu ya kasa hupanda pale kila mwaka, na mgeni huruhusiwa kuwatazama kwa taratibu, akiongozwa na mtu, bila ya kuwamulika. Watamu nchini Kenya, tangu miaka ya mwisho ya 1990, mvuvi aliyenasa kasa wavuni hupiga simu, wakaja watu wakampima, wakampa mvuvi fidia ndogo ya usumbufu, na kasa akarudishwa baharini.

Na kwetu Tanzania bara, tangu mwaka 2001 shirika la Sea Sense limekuwa likiwafundisha wanavijiji wa pwani, Mafia na Kigamboni wakiwamo, kulinda viota vya kasa. Aliyekuwa akichimba mayai kuyauza ndiye sasa anayejua alama za mapezi mchangani kuliko yeyote. Akiona kiota huripoti, hupewa malipo kidogo, na huongezewa watoto wakiangua salama. Huko Juani, Mafia, wageni hulipa kuja kutazama vifaranga wakishuka baharini, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Nimesikia wengine wakilibeza jambo hili, ati watu wanalipwa kwa kuacha dhambi. Mimi siafikiani nao. Mtu aliyeacha pato lake la haramu na akapewa njia ya halali amesaidiwa, na kumsaidia ni katika wema.

Tena jitihada hizi hazikwenda bure. Mwezi Oktoba mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, IUCN, lilitangaza kuwa kasa wa kijani, kwa hesabu ya dunia nzima, hayumo tena katika orodha ya walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya miongo ya kulindwa kwa majike na mayai yao. Ng'amba yeye bado yuko katika hatari kubwa kabisa. Na hesabu ya dunia nzima haisemi kuwa kila pwani imeneemeka. Pwani iliyopoteza majike yake hungoja miaka thelathini kuona kama watoto watarudi.

Msinione nawasema watu wa pwani pekee. Sisi wa bonde hili tuna mtihani wetu. Hapa jirani, katika maporomoko ya mto Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa manjano, asiye na makao mengine duniani ila katika manyunyu ya maporomoko yale. Tulipochukua maji kwa ajili ya umeme, ambao sote tunauhitaji, manyunyu yalipungua, na ilipofika mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia ndani ya visanduku vya vioo Marekani, walikopelekwa chura mia tano kasoro mmoja mwaka 2000, kisha kizazi chao kikarudishwa nchini mwaka 2010, na porini mwaka 2012. Wapo waliocheka, gharama yote hiyo kwa chura. Nami nauliza, ni nani kati yetu aliyemuumba? Na mto Kilombero wenyewe: samaki wanapopanda vijito wakati wa masika ili kutaga, sisi ndio tunaowakingia vyandarua tulivyopewa kwa ajili ya mbu, tukakokota wazazi na vifaranga pamoja. Tofauti iko wapi na anayechimba kiota cha kasa? Na sheshe wa kwenye mbuga za mafuriko, waliokuwa wengi hapa kuliko mahali pengine popote, watoto wetu wa shule wanawajua kwa picha. Hawa ni wetu, hatuwezi kumtupia lawama mtu wa Kigamboni.

Basi enyi wazazi mnaowasindikiza watoto stesheni, pamoja na nauli na kanga ya mama, waambieni na haya. Kijana akipata kazi ya ulinzi ufukweni, amwombe tajiri wake, kwa adabu, azime taa zinazoelekea baharini au azifunike zimulike chini, hasa usiku wa manane. Akimwona kasa anapanda, akae mbali, asimmulike tochi, asipige kelele, kwa kuwa akishtuka hurudi majini bila ya kutaga. Akiona kiota, asikifukue hata kwa nia njema. Yai la kasa likigeuzwa baada ya kukaa saa chache, mtoto hufa ndani. Aite mlinzi wa viota wa kijiji au ofisa wa uvuvi. Akiwaona vifaranga wanashuka, asiwabebe kuwatupia majini. Awaache watembee, awafukuzie mbwa na kunguru, na ayafukie mashimo na nyayo njiani mwao. Kama ni dereva wa lori, asikubali kuchota mchanga wa ufukweni, hata akiongezewa fedha, maana mchanga ule una wenyewe. Na aliye mvuvi wa jarife, ayatazame majarife yake mara kwa mara usiku, kwani kasa huvuta hewa kama sisi, na akinaswa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Akimkuta yu hai amwachie. Akimkuta amekufa, asimpeleke nyumbani kwa watoto; akumbuke Panza.

Kuhusu takataka sina mengi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni mwaka 2019, na bado chupa na vipande vya nailoni tunavitupa mtoni kila siku ya gulio. Kasa huvimeza akidhani ni viwavi vya baharini. Kila mmoja na aangalie mlangoni pake.

Nawaomba pia maimamu wa misikiti ya Kigamboni, na wa pwani yote mpaka Kilwa na Mikindani, ambao wao wanamjua kasa kuliko mimi, walichukue jambo hili mimbarini kwao kwa lugha ya watu wao. Na ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi katika bonde hili na ambao watoto wao hupanda treni moja na watoto wetu, nina yakini tukizungumza nao watatuunga mkono.

Ewe Mola wetu, warehemu watoto wa Panza na mama yule, na wale wa mwaka 2021, uwape subira wazazi wao na uwajaalie watoto hao wawe viombezi vyao. Waponye waliosalia na madhara. Wape wavuvi wetu riziki ya halali isiyowahitajia kuogopa usiku. Walinde vijana wetu walio mbali na nyumbani. Tujaalie mvua za kiasi, na uyafikishe maji ya milima hii baharini yakiwa safi. Amin.

Inukeni tusali. Mwenye kukimu na akimu.